Kapteni wetu anabeba timu nzima na sasa amechoka. Uongozi tunaugawaje?

Mchora_Gia (Dar es Salaam)

Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa tatu, uhandisi mitambo. Tuna timu ya wanafunzi inayojenga gari dogo la umeme la mtu mmoja: fremu ya mabomba ya chuma, betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya seli 16, mota moja inayozungusha gurudumu la nyuma. Kwenye orodha tupo 22, wanaoonekana karakana kila wiki ni 14. Vitengo ni vitano: fremu, usukani na breki, umeme, ganda la nje, fedha na udhamini.

Kapteni ndiye kila kitu. Pesa za timu ziko kwenye laini yake ya simu, ufunguo wa karakana anao yeye, barua za udhamini anaandika yeye, kuunganisha BMS (bodi ya kielektroniki inayosimamia na kulinda seli za betri) anajua yeye peke yake. Semista iliyopita alipata sapu mbili (mitihani ya kurudia). Siku hizi anafika, anakaa pembeni na simu, ukimuuliza jambo anajibu "fanyeni mnavyoona". Kila kitengo kina mkuu wake aliyepigiwa kura, lakini swali lolote bado linaishia kwa kapteni. Zimebaki wiki 20 hadi siku ya kuonyesha gari, na katikati kuna test na UE (mitihani ya mwisho wa semista).

Naomba ushauri wa vitendo. Muundo upi wa uongozi unafaa kwa timu ya ukubwa huu? Na tufanyeje ili wengine wasije wakafika alipofika yeye?

---

Nati_na_Bolti

Mdogo wangu, wakuu wa vitengo mnao ila hawana mamlaka. Mkuu wa kitengo asiyeweza kununua bolti za M8 bila kumuuliza kapteni ni msaidizi tu, hata kama kapigiwa kura na timu nzima. Anzeni kwa kuandika nani anaamua nini. Nusu karatasi inatosha, ibandikwe ukutani karakana.

Ngazi ya kwanza ni mambo ya ndani ya kitengo: hayagusi kitengo kingine, yanarudishika yakikosewa, na gharama haizidi kiasi mlichokubaliana, tuseme shilingi 50,000. Hapo mkuu wa kitengo anaamua mwenyewe na hamuulizi mtu. Ngazi ya pili ni mambo yanayogusa vitengo viwili, kama mashimo ya kufungia mota kwenye fremu. Wakuu wawili husika wanakaa, wanakubaliana, wanaandika mstari mmoja kwenye daftari la maamuzi: tarehe, kilichoamuliwa, sababu, majina yao. Ngazi ya tatu ni fedha kubwa, kubadilisha tarehe, na chochote cha usalama. Hayo yanakwenda kikao cha viongozi.

Ngazi ya pili ndiyo inayomuua kapteni wenu. Vitengo visipokuwa na mpaka ulioandikwa, kila kutoelewana kunapelekwa kwake akaamue. Chukua sanduku la betri. Seli 16 za Ah 100 (kipimo cha umeme ambao seli inahifadhi) zina uzito wa karibu kilo 32 kabla ya sanduku lenyewe, kwa hiyo fremu haiwezi kuchomelewa bila kujua zinakaa wapi. Andaeni ukurasa mmoja wenye vipimo vya nje vya sanduku, uzito wa juu unaoruhusiwa, mahali pa kila bolti, upande zinakotokea nyaya kubwa, na nafasi ya mkono kuingia na spana. Mkuu wa fremu na mkuu wa umeme watie saini. Kuanzia siku hiyo kila mmoja anafanya kazi yake ndani ya mpaka wake, na ukurasa haubadilishwi bila saini zote mbili. Kurasa kama hizo mtahitaji sita au saba kwa gari zima. Ni kazi ya Jumamosi mbili, na itampunguzia kapteni maswali mengi sana.

Cheo cha kapteni nacho kivunjeni mara tatu. Mhandisi mkuu ashike michoro, mipaka ya vitengo na jumla ya uzito. Mratibu ashike ratiba, vikao na watu. Mhazini ashike fedha na manunuzi. Halafu pawe na msimamizi wa usalama mwenye haki ya kusimamisha kazi yoyote saa yoyote, na huyo asiwe kati ya hao watatu wanaobanwa na tarehe.

Msikimbilie kuweka makapteni wawili wenye mamlaka sawa yasiyo na mpaka. Watu watafanya kama mtoto anayemwacha baba na kwenda kuomba ruhusa kwa mama: wataenda kwa yule anayekubali haraka, na hao wawili watakuja kugombana.

Hesabu moja ya kuzingatia. Watu 14 wakiongea kila mtu na kila mtu, njia za mawasiliano ni 91. Wakiwa 22 ni 231. Wakuu watano wa vitengo wana njia 10 tu. Ndiyo maana kuongeza watu dakika za mwisho hakuokoi mradi uliochelewa: wapya wanafundishwa na walewale waliokwisha choka.

---

Mekatroniki_254 (Nairobi)

Nakubaliana na Nati kuhusu mamlaka, ila mkigawa uongozi bila kupunguza kazi, mtachosha watu watano badala ya mmoja. Pigeni hesabu ya saa kwanza.

Wiki 20 mlizobakiza si 20. Toa wiki 2 za test (huku kwetu tunaziita CAT), toa 3 za kujiandaa na kufanya mitihani. Zinabaki 15. Mwanafunzi wa uhandisi mwenye maabara na ripoti anaweza kutoa saa 8 kwa wiki bila kuumia. Wapo watakaosema 20. Msiziandike, kwa sababu hao hao ndio wanaoanguka wiki ya tisa. Kwa hiyo: watu 14 × saa 8 × wiki 15 = saa 1,680. Sasa zidisha kwa 0.6, kwa kuwa kuna umeme kukatika, kusubiri mashine, kusafiri kwenda kununua vifaa, vikao, na kazi za kurudia. Mnabaki na takriban saa 1,000. Hiyo ndiyo bajeti yenu.

Halafu kila kitengo kiorodheshe kazi zilizobaki, kila kazi na saa zake. Kazi inayozidi saa 12 ivunjwe, maana bado hamjaielewa. Jumlisheni. Ikitoka 1,500, mna ziada ya saa 500, na ziada hiyo hailipwi kwa kujitolea zaidi. Inalipwa kwa kukata kazi. Wa kwanza kukatwa kwa kawaida ni kontrola ya mota (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota) ya kutengeneza wenyewe. Nunueni iliyo tayari, mtaokoa mamia ya saa. Kinachofuata ni ganda la nje: paneli bapa za alumini zilizofungwa kwa riveti zinamalizika kwa siku chache, wakati ganda la faiba linataka kutengeneza umbo, kusugua, kupaka nta, kulaza matabaka, kusubiri likauke, na kusugua tena. Faiba ni nzuri kwa macho, lakini gari lisilo na breki za uhakika haliruhusiwi kutembea hata likiwa limependeza vipi.

Wekeni pia tarehe ya kufunga michoro, walau wiki 10 kabla ya siku yenyewe. Baada ya hapo mabadiliko pekee yanayokubaliwa ni ya kitu kisichofanya kazi au kisicho salama. "Nimepata wazo bora" linaandikwa kwenye orodha ya gari la mwakani. Wiki 4 za mwisho ni za kuendesha gari, kuvunja vitu na kuvitengeneza. Timu nyingi hula hizo wiki kwenye kujenga, ndipo mnakuta watu wanalala karakana.

Saa za kazi ziwe na mwisho. Karakana ifungwe saa tatu usiku. Baada ya saa mbili usiku hakuna kuchomelea, hakuna kukata kwa grainda, hakuna kugusa betri. Sababu inaonekana kwenye kazi yenyewe: mtu aliyechoka anasahau kukaza bolti moja kati ya sita na anaamini amekaza zote. Weka alama ya rangi kwenye kila bolti iliyokazwa kwa spana ya kipimo, na mtu wa pili akague. Kikao cha usiku pia kinawatupa nje wanaoishi mbali wanaotegemea matatu au daladala, na mara nyingi mabinti ndio wanaacha kwanza. Mwezi wa Ramadhani sogezeni kazi nzito asubuhi, na msiweke kikao kinachogongana na futari.

---

Mchora_Gia

Asanteni sana wakuu. Hesabu ya saa nimeifanya haraka haraka na tumezidi mno, kontrola itabidi tununue. Maswali mawili. La kwanza, hili la BMS kuwa kichwani mwa mtu mmoja, tunalitoaje bila kumwongezea kapteni kazi ya kuandika kitabu? La pili, wale wanane wasioonekana tuwafute kwenye orodha?

---

Spana_Kumi (Ujerumani)

Kaka au dada Mchora, usimwambie anayejua aandike. Hataandika, na akiandika ataruka hatua anazoziona za kawaida. Anayejifunza ndiye aandike. Utaratibu ni vipindi vitatu: cha kwanza anayejua anafanya huku mwanafunzi wake anaandika na kupiga picha, cha pili mwanafunzi anafanya kwa kufuata maandishi yake, anayejua yuko pembeni na haruhusiwi kugusa isipokuwa kuna hatari, cha tatu mtu mwingine kabisa anafuata yale maandishi. Akikwama mahali, hapo ndipo maandishi yana tundu. Kapteni anatumia saa tatu au nne kwa jumla, basi.

Kwa mfano ukurasa wa BMS ya seli 16 ungekuwa hivi:

Vua pete, saa na mkufu. Tumia vifaa vilivyofunikwa mpira. Fanyeni wawili, kamwe si mmoja. Plagi ya nyaya ndogo iwe *imechomolewa* kwenye BMS. Nyaya ndogo ni 17: ya kwanza kwenye hasi kuu ya betri, ya pili kwenye chanya ya seli ya 1, ya tatu kwenye chanya ya seli ya 2, hivyo hivyo hadi chanya ya seli ya 16. Zikishafungwa, pima kwa multimita kwenye plagi yenyewe, pini kwa pini. Kati ya pini jirani usome takriban volti 3.2 hadi 3.4. Kati ya ya kwanza na ya mwisho usome kama 52 hadi 54. Ukisoma 6.6, kisha −3.3, kisha 6.6 tena, nyaya mbili zimepishana. Simama, rekebisha, pima upya zote. Unganisha waya mkubwa wa hasi kwenye BMS kwanza, ndipo uchomeke plagi ndogo. Wakati wa kufungua ni kinyume: plagi ndogo kwanza, waya mkubwa baadaye.

Maneno yasiyofika mia mbili na picha nne. Kuchomeka plagi yenye nyaya zilizopishana kunaunguza BMS hapo hapo, na fundi aliyekesha hupishanisha kirahisi. Ukurasa kama huu unalinda bodi na unamwacha kapteni aende akasome.

Kila kiti cha uongozi kiwe na mtu wa pili wa mwaka wa chini. Fanyeni jaribio hili: kila mwezi mkuu mmoja wa kitengo akae wiki nzima bila kugusa kazi wala kujibu maswali, msaidizi wake aendeshe. Mtajua ndani ya siku mbili ni nini hakijaandikwa.

Huku mashindano ya Formula Student, ya magari ya mbio yanayojengwa na wanafunzi wa vyuo, yanafanyika Hockenheim tangu 2006, na kanuni zake za magari ya umeme zinadai timu iwe na mtu anayewajibika kwa usalama wa umeme, ambaye ndiye anayetangaza kwamba gari liko salama kuguswa. Kapteni hawezi kumpita. Igeni hilo hata kama hamshindani popote. Jambo jingine la kuiga: mashindano haya yanatoa alama kwa kutetea usanifu, gharama na mpango wa biashara, pamoja na kukimbiza gari. Timu inayomdharau anayeandaa hesabu za gharama inapoteza alama kabla tairi halijazunguka. Mtu wa fedha na udhamini akionekana si "mhandisi wa kweli" ndiye anayeondoka kimyakimya, na kazi yake inamrudia kapteni.

Mali za timu zitoke kwenye majina ya watu. Baruapepe iwe ya timu. Mafaili ya michoro yasiwe kwenye akaunti ya chuo ya mtu, kwa sababu akihitimu na akaunti ikafungwa, michoro inakwenda nayo. Pesa zitoke kwenye laini ya kapteni ziende akaunti ya benki yenye watia saini wawili, au kwanza zipite kwa mlezi kama chuo kinaruhusu. Hapo si suala la kumtuhumu mtu. Kubeba pesa za wenzako mfukoni ni mzigo unaonyima usingizi.

---

Mlezi_wa_Timu (mhadhiri)

Nimesoma mjadala wote, mmeshauriana vizuri. Nina pingamizi moja na nyongeza kadhaa.

Pingamizi langu ni kwenye saa. Zipangeni kama Mekatroniki alivyoeleza, lakini msifungue daftari la kuandika nani amefanya saa ngapi. Kinachofuata ni watu kulinganishana, na mwenye saa chache anaacha kuja kwa aibu. Hesabuni kazi zilizokamilika.

Kuhusu wanane wasioonekana: msiwafute kwa tangazo kwenye grupu. Mratibu ampigie kila mmoja, amuulize mambo mawili tu, kama bado anataka na ana saa ngapi kwa wiki. Mara nyingi sababu ni kwamba alifika siku mbili, hakupewa kazi, akasimama ukutani akiangalia wengine wanachomelea. Mpeni kazi ya saa 3 hadi 4 yenye mwisho unaoonekana: kukata na kutoboa mabano manne kwa mchoro, kupima uzito wa kila kipande na kuujaza kwenye jedwali. Asipogusa kazi kwa wiki mbili na hajatoa taarifa, kazi inarudi ubaoni, achukue mwingine, bila maneno makali. Mwenye saa mbili kwa wiki apewe kazi ya saa mbili.

Sasa huyu kapteni. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya ICD-11 iliyopitishwa 2019, linaeleza uchovu wa aina hii kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa kwa muda mrefu, na halikuuweka kama ugonjwa. Linataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuhisi kwamba hufanyi la maana. Maelezo hayo ni ya kazi ya ajira, lakini "fanyeni mnavyoona" kutoka kwa mtu aliyekuwa anajali kila nati ni ile ya pili, iko wazi kabisa. Mkishaiona hiyo, mapumziko ya wikiendi moja hayatoshi, kwa sababu Jumatatu anarudi kwenye mzigo uleule.

Anayetakiwa kuongea naye ni mtu mmoja anayemwamini, faragha, na aje na pendekezo mkononi. Kumwambia "pumzika bwana" kunamwongezea lawama. Mwambie: "Kuanzia Jumatatu manunuzi ni ya fulani, ufunguo ni wa fulani, umeme ni wa fulani. Wewe tunakuomba saa mbili kwa wiki kwa wiki nne, za kufundisha tu." Mtu mwenye sapu mbili yuko karibu na disko (kuondolewa chuoni) kuliko anavyokiri. Sapu zake ziwekwe kwenye kalenda ya timu kama tarehe za timu. Kama hapati usingizi, hali chakula, au anaongea kama mtu aliyekata tamaa ya maisha, hilo limetoka mikononi mwa timu: msindikizeni kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali ya chuo siku hiyo hiyo, msimwache aende peke yake.

Jingine ni kalenda. Msichague viongozi wapya Julai halafu wote wakatawanyika field (mafunzo kwa vitendo). Wachagueni katikati ya semista ya pili, wakae na waliopo wiki 6 hadi 8 wakifanya kazi pamoja. Mwaka wa nne wasishike uongozi wa kitengo kabisa ikiwezekana. Wana mradi wa kuhitimu, wabaki washauri.

---

Mchora_Gia

Shikamoo mwalimu, asante sana. Nimeongea naye leo mchana kama ulivyoelekeza. Amekubali kuachia manunuzi na ufunguo, umeme anasita, anasema "wataharibu". Na grupu la WhatsApp bado ni tatizo, hata saa sita usiku watu wanamtumia maswali inbox.

---

Nati_na_Bolti

Kwenye umeme ana hoja, wanaweza kuharibu kweli. Kwa hiyo msimwombe akabidhi vyote kwa mpigo. Akabidhi kwa mpangilio wa hatari: kwanza taa, honi na nyaya za volti 12, kosa hapo ni fyuzi ya bei ndogo. Kisha kontrola na kanyagio la mwendo, gari likiwa limenyanyuliwa gurudumu la nyuma lisiguse chini. Betri iwe ya mwisho, kwa ule utaratibu wa vipindi vitatu wa Spana_Kumi, na msimamizi wa usalama awepo. Kabla ya betri nunueni BMS ya akiba kama bajeti inaruhusu. Hofu yake itapungua akijua bodi ikiungua siku haiharibiki.

WhatsApp: grupu kuu libaki la matangazo, waandike viongozi tu. Kila kitengo na grupu lake. Swali la kazi likija inbox, kapteni ana jibu moja la kunakili: "Uliza kwenye grupu la umeme, fulani atakujibu." Asijibu swali lenyewe hata kama analijua kwa sekunde mbili, kwa sababu akijibu mara moja watarudi kesho. Wiki mbili za kwanza atajisikia vibaya, mwambieni mapema. Kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi hakuna ujumbe wa kazi. La dharura, yaani moto, ajali au karakana kuachwa wazi, mtu anapiga simu, na anampigia msimamizi wa usalama.

Kikao cha viongozi kimoja kwa wiki, dakika 30, mmesimama. Kila mkuu wa kitengo ana mambo matatu: kilichokamilika, kinachofuata, kilichokwama na anamhitaji nani. Mjadala wa kiufundi ukianza, mratibu anaukata na wahusika wawili wanabaki baada ya kikao. Kapteni asikiendeshe yeye, akae upande wa wasikilizaji.

Ufunguo chongesheni wa pili kesho, kwa ruhusa ya msimamizi wa karakana, mmoja kwa mratibu na mmoja kwa mkuu wa fremu. Wekeni daftari mlangoni la nani kafungua na nani kafunga.